Sentensi ya Wivu Huanza na Nani?

Miaka niliyofundisha Kiingereza Koboko, hakuna kivumishi kilichonifunza mengi kama "jealous". Maana yake haina ugumu: mwenye wivu. Herufi zake ni saba tu. Ila wanafunzi wangu walikihitaji kila wiki, na kwa kukihitaji sana walikikosea sana. Wape mada ya insha upendayo, iwe familia, rafiki au sikukuu, wivu utapenya tu: shangazi mwenye wivu, jirani mwenye wivu, mke mwenza mwenye wivu, mwenzao wa dawati la nyuma mwenye wivu. Anayetaka kujua kinachowakera vijana wa West Nile akae jioni moja na rundo la insha za kidato cha pili, atajua.

Naandika haya kwa ajili ya walimu wenzangu, na kwa kila msomaji wa Kiswahili anayejifunza Kiingereza akiwa na lugha nyingine mbili tatu kichwani. Kulitumia neno hili sawasawa kunataka kanuni za sarufi, na kanuni hizo zinafundishika kwa kipindi kimoja. Lakini kuna usahihi mwingine ambao hakuna mtihani unaoupima, nao ndio ulionikaa moyoni: ni nani anayewekwa mwanzoni mwa sentensi.

Mimi ni mtoto wa Oli, mtaa wa Arua ambako Kinubi, Kiswahili na Kilugbara hupokezana ndani ya mazungumzo mamoja na hakuna anayeshangaa. Kazi ilinipeleka kaskazini, Koboko, kwenye pembe ambako Uganda, Kongo na Sudan Kusini zinagusana. Barabara ya lami ya kilomita 92 inaanzia Vurra, mpakani mwa Kongo, inapita Arua na Koboko, inaishia Oraba, mpakani mwa Sudan Kusini. Mtu anaweza kunywa chai alfajiri Arua na bado akawahi kipindi cha asubuhi Koboko.

Safari ni fupi, lakini historia ya eneo lenyewe ni ndefu. West Nile, eneo letu hili la Arua na Koboko, ilikuwa sehemu ya Lado, eneo ambalo Mfalme Leopold wa Ubelgiji alikodishwa na Waingereza. Alipofariki, Lado ikaingia Sudan mwaka 1910, na mwaka 1914 West Nile ikahamishiwa Uganda. Wakakwa, watu wa Koboko, wakajikuta katika nchi tatu, wajomba ng'ambo hii, mashemeji ng'ambo ile. Kiswahili kilikuja na askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, na mwaka 1973 Idi Amin, Mkakwa mwenye asili ya Koboko, akakitangaza kuwa lugha ya taifa. Serikali yake ilipoanguka mwaka 1979, watu wengi wa West Nile walikimbilia Zaire na Sudan, na watoto wao wakasoma huko kwa lugha walizozikuta. Baadaye mkondo uligeuka. Sasa wanaokimbilia kwetu ni Wasudan Kusini na Wakongo, na makazi ya wakimbizi ya Lobule yako humo humo wilayani Koboko.

Kwa hiyo mwanafunzi wangu mmoja angeweza kusalimia nyumbani kwa Kikakwa, kutaniana na wenzake kwa Kiarabu cha Juba, kuuza nyanya kwa Kiswahili siku ya soko, kisha kufanya mtihani kwa Kiingereza. Mtaala wa Uganda unataka mtoto wa kijijini afundishwe kwa lugha ya eneo lake kuanzia darasa la kwanza hadi la tatu. Darasa la nne ni la kuvuka, na kuanzia hapo ni Kiingereza. Maana yake ni kwamba maneno ya hisia, yale mtoto aliyoyanyonya pamoja na maziwa, yanabaki katika lugha ya kwanza. Kiingereza kinaanzia kwenye kalamu, dawati na dirisha. Akifika sekondari anaweza kueleza mzunguko wa maji bila kukwama, lakini mwombe aeleze kilichomuuma jana, ndipo sentensi inapopinda.

Siku moja niliwaomba wanafunzi wa kidato cha pili waandike, kila mmoja kwenye kipande cha karatasi kisicho na jina, sentensi moja yenye neno "jealous". Nikazikusanya na kuziandika ubaoni kama zilivyokuwa. "My cousin jealous me." "She has jealous." "They are jealousing us." "He is jealous with my phone." "It made her to jealous." Wakazisoma kwa sauti, wengine wakijua kuna kitu hakijakaa vizuri bila kuweza kusema ni kipi.

Sikuzifuta. Nilitaka waone kwamba kila kosa lilikuwa na mantiki, na mantiki hiyo ilitoka nyumbani. Chukua ile ya kwanza. Kwa Kiswahili tunasema binamu yangu ananionea wivu. Kauli ya kutendea imeshamvuta mtu ndani ya kitenzi. Hatuhitaji neno jingine la kumuunganisha na wivu. Mwenye kufikiri hivyo akienda Kiingereza ataona ni halali kabisa kumbandika "me" mara baada ya "jealous". Ile ya pili nayo ina mzazi wake: ana wivu. Kwetu wivu ni kitu ambacho mtu anacho, kama alivyo na njaa, hofu au haya. Mwanafunzi akaleta "has", akaweka "jealous", akaamini kazi imeisha. Ya tatu ilitoka kwa kijana aliyesikia kwamba Kiingereza kinapenda "-ing" kwenye jambo linaloendelea, na wivu wa majirani zake ulikuwa haujakoma.

Hapo ndipo nilipowapa kipimo ambacho bado nakitumia. Nikawaambia: toa "jealous", weka "hungry", kisha sikiliza. "My cousin hungry me." Darasa likaangua kicheko. "She has hungry." Wakakataa kwa vichwa. "They are hungrying us." Msichana mmoja wa mbele akasema, "Madamu, hapo hata mimi nimekataa." Basi, nikawaambia, kinachokataliwa kwa "hungry" kinakataliwa kwa "jealous", kwa sababu yote mawili ni vivumishi. Kiingereza hakimpi mwenye wivu kitendo, kinampa hali. Na hali haisimami peke yake. Inataka "am", "is", "are", "was" au "were" mbele yake, au kitenzi cha jamii hiyo kama "feel", "become", "get" na "look". Kikisimama mbele ya nomino, kivumishi chetu hakihitaji msaada huo: "a jealous neighbour" inatosha.

Kisha tukaja kwenye "of". Ukitaja anayeonewa wivu au kitu kinachotamaniwa, Kiingereza cha leo kinataka "of", wala si "with", "on" au "to": "jealous of my cousin", "jealous of his phone", "jealous of her success". Kinachofuata kikiwa sentensi nzima, "of" inaondoka, tunaweka "because" au "that": "He is jealous because I passed." Wivu wenyewe, kama nomino, ni "jealousy", kwa hiyo aliyefanya jambo kwa sababu ya wivu amelifanya "out of jealousy". Kielezi ni "jealously", nacho hutumika zaidi kwa mtu anayelinda kitu kwa ukali, kwa mfano siri ya familia. Kulinganisha ni kwa "more" na "most". Na kitu kikimtia mtu wivu, "it made her jealous", bila "to" katikati. Upande wa tahajia, sauti ya "ea" ni ile ya "bread" na "head", na mwisho ni "-ous" kama wa "famous" na "dangerous".

Kati ya karatasi zile moja haikuwa na kosa. Iliandikwa na kijana Mkongo aliyekuwa amesoma shule ya msingi upande wa pili wa mpaka kabla familia yake haijakimbia. Kiingereza chake kwa jumla kilikuwa nyuma ya wenzake, wakaona ajabu. Nilipomuuliza alijuaje kuweka "of", alijibu kwamba alikumbuka tu Kifaransa chake cha darasani: mtu huwa "jaloux de" mwenzake. Alikuwa sahihi kuliko alivyojua, maana Kiingereza kilichukua neno hili kutoka Kifaransa cha kale. Kifaransa nacho kililipata kwa Kilatini, na Kilatini kwa Kigiriki, kwenye neno "zelos", ambalo ni moto wa moyo, ule unaomsukuma mtu kushindana au kupigania anachokithamini. Kwenye mzizi huo huo Kiingereza kilipata pia "zealous", mwenye bidii na ari. Maneno hayo mawili ni ndugu. Kwa hiyo mwanafunzi mwingine aliyeandika kwamba mchungaji wao ni "very jealous for God" hakustahili kuchekwa. Alitaka "zealous", lakini Biblia ya King James ya mwaka 1611 yenyewe ilitumia "jealous for" kwa nabii Eliya, aliyekuwa akiona uchungu kwa ajili ya Mungu wake. Katika Kiingereza hicho cha kale, "of" humwelekea unayemwonea wivu, na "for" humwelekea unayemtetea. Katika mtihani wa leo nitamshauri aandike "zealous". Darasani nilimwambia ana jamaa wa heshima.

Kuna jambo jingine la maana ambalo vitabu vya sarufi hulipitia mbio. Walimu wengi wa zamani hutenga "jealous" na "envious": "jealous" ni anayeogopa kunyang'anywa alicho nacho, "envious" ni anayetamani cha mwenzake. Katika tamthilia ya Shakespeare, Othello ni "jealous" kwa sababu anaamini mkewe anachukuliwa, na Iago ni "envious" kwa sababu cheo alichokitaka kapewa Cassio. Mgawanyo huo unafaa kujulikana, lakini Waingereza wenyewe katika mazungumzo ya kila siku hutumia "jealous" kwa yote mawili. Kanuni niliyowapa wanafunzi ni nyepesi: "jealous" inaweza kufanya kazi ya "envious", lakini "envious" haiwezi kufanya kazi ya mume anayemlinda mkewe. Mswahili hapati taabu hapa, kwa kuwa wivu wetu nao hubeba mizigo yote miwili. Tukitaka kumtaja yule anayeomba neema ya mwenzake iondoke, tuna husuda, na kila mtoto aliyepita madrasa za Oli ameijua Sura ya Falaq, inayoomba kinga dhidi ya shari ya hasidi, kabla hajajua kusoma saa.

Na Walugbara wana neno lao, "ole". Mwanaanthropolojia John Middleton, aliyefanya utafiti wake miongoni mwa Walugbara kati ya 1949 na 1952, alilipa nafasi kubwa katika kitabu chake Lugbara Religion cha mwaka 1960. Alieleza kwamba "ole" humjaa mzee wa ukoo anapodharauliwa na vijana wake, akawaita wahenga wamrudi mkosaji kwa ugonjwa, na jamii ikaona ana haki. Neno hilo hilo humjaa mtu anayewatazama wengine wakila vinono au wakisifiwa ngomani huku yeye kakaa pembeni, na huyo ndiye anayeogopwa kuwa mchawi. Uchungu ni mmoja. Kinachotofautisha ni aliye nao, na sababu yake ya kuwa nao. Upande wa mama yangu ni Walugbara, na nimesikia neno hilo likisemwa kwa sauti ya chini utotoni mwangu wote. Niliposoma maelezo ya Middleton nikiwa mtu mzima, nilielewa kwa nini wanafunzi wangu walikuwa wanaling'ang'ania "jealous". Walikuwa wanatafuta kwa Kiingereza neno lenye uzito waliouzoea nyumbani.

Baada ya kusahihisha, ubao ulikuwa msafi. "My cousin is jealous of me." "She is jealous." "They are jealous of us." "He is jealous of my phone." Mkaguzi yeyote angeridhika. Mimi nilisimama nyuma ya darasa nikizisoma tena zote kwa mpangilio, nikaona jambo ambalo makosa yalikuwa yamelificha. Katika sentensi zote zile, mwenye wivu alikuwa mtu mwingine. "They", "she", "my cousin", "our neighbours" walikaa mwanzoni. "Me" na "us" walikaa mwishoni, wakionewa. Hakuna hata mmoja, wa Koboko, wa Sudan Kusini au wa Kongo, aliyekuwa ameandika "I".

Jambo hili si dogo kwetu. Katika vijiji vyetu, kusema fulani ana wivu nami si kueleza hisia, ni kushitaki. Leo anasemwa ana wivu, kesho mtoto anaumwa tumbo, keshokutwa linatajwa neno "enyanya", sumu, na mwanamke aliyeishi na watu miaka mingi anaanza kuepukwa kisimani. Watu wa West Nile wanajua hadithi kama hizo zilivyoishia kwa kufukuzwa mtu, nyumba kuchomwa, au zaidi ya hapo. Karibu kila mara zilianza kwa sentensi fupi ambayo msemaji wake alijiweka mwisho, mahali pa anayeonewa. Nami nilikuwa nawafundisha watoto kuisema sentensi hiyo kwa Kiingereza kisafi.

Juma lililofuata nikawapa zoezi la pili. Kila mtu aandike sentensi inayoanza na "I am jealous of", na asiishie hapo, aongeze "because". Kalamu zilisimama. Kijana mmoja akauliza, "Madamu, kama mtu hana wivu na yeyote?" Nikamjibu afikiri kwanza, kisha anijibu kwa kuandika. Wengi walikimbilia mbali kwa usalama: Messi alionewa wivu na karibu nusu ya wavulana. Nikawarudishia karatasi zao na kuwaambia wamchague mtu wanayeweza kumsalimia. Safari hii darasa lilikuwa kimya kwa muda mrefu, na nilichokisoma jioni ile kilikuwa Kiingereza tofauti na nilichokizoea. Mmoja alimwonea wivu rafiki yake kwa viatu. Mwingine, aliyetoka Sudan Kusini, aliandika "I am jealous of my cousins in Australia because they are together." Na msichana mmoja wa Koboko mjini akaandika: "I am jealous of my brother because his school fees are paid before mine."

Itazame sentensi hiyo kwa karibu. "Am" ipo mahali pake. "Of" ipo mahali pake. "Because" imefungua sababu, na sababu imekamilika. "Fees" ni wingi, imepata "are" bila kusita. "His" na "mine" zimelinganishwa kama Mwingereza angezilinganisha. Huyu ndiye aliyekuwa ameandika "She has jealous" juma lililotangulia; niliutambua mwandiko. Sikumfundisha kanuni mpya kati ya siku ile na hii. Alichopata ni jambo la kweli la kusema, na jambo la kweli lilimlazimisha achague kila neno. Aliyekuwa akibahatisha kwa wivu wa wengine hakubahatisha alipoandika wa kwake.

Mama yake alikuja shuleni siku ya kutembelea wanafunzi. Baada ya salamu akaniambia kwa Kiswahili, akipima maneno: "Mwalimu, binti yangu ameniambia anamwonea kaka yake wivu juu ya karo. Nilikaribia kumchapa. Halafu nikaona hajamtukana mtu. Amesema lake." Muhula ule karo ya kaka bado ilitangulia, kwa kuwa alikuwa mtahiniwa wa kidato cha nne na orodha ya mtihani haisubiri mtu. Lakini mama alimkalisha binti, akamwonyesha pesa zilipo na zitakapotoka, akamtajia mwezi wake. Kabla ya hapo, alivyonieleza, nyumba nzima ilikuwa ikisikia maneno mengine: kwamba kaka ndiye mpendwa, kwamba baba hamtaki mtoto wa kike asome, kwamba kuna anayemharibia. Yote hayo yalikuwa sentensi za "wao". Ilipokuja sentensi ya "mimi" yenye "kwa sababu" ndani yake, ikapata jibu, maana ilikuwa na kitu cha kujibiwa.

Hili ndilo somo ninalotaka mwalimu mwenzangu alichukue. Sentensi inayoanza na "I am jealous of" inaweza kujibiwa. Inataja mwenye hisia, inataja anayehusika, na ukiongeza "because" inataja chanzo. Chanzo kinaweza kuwa cha haki kabisa. Karo ya msichana kusubiri ya mvulana si jambo la kumwonea haya aliyelisema. Sentensi ya "they are jealous of me" haijibiki. Wanaotajwa hawapo, moyo wao hauonekani, na anayesema hahitaji kuleta ushahidi. Ndiyo maana ni tamu kuitamka na ni hatari kuiamini.

Sisemi mwanafunzi asiandike kamwe kwamba fulani ana wivu. Kuna wivu wa watu wengine ulio wa kweli, na insha ina haki ya kuueleza. Ila nilianza kudai kitu kimoja: ukimwita mtu "jealous", nionyeshe alichokifanya. Nilirudi na matokeo, hakunisalimia. Nilinunua mbuzi, akauliza mbele za watu pesa zimetoka wapi. Mara nyingi mwanafunzi akishaandika kitendo, neno "jealous" anaweza kuliacha, na msomaji ataamua mwenyewe. Na mara nyingine, akikitafuta kitendo na kukikosa, anafuta sentensi nzima. Nimeshuhudia insha zikiwa fupi zaidi na bora zaidi kwa njia hiyo, na nimeshuhudia msichana akitulia kwa dakika kadhaa juu ya jina la shangazi yake kisha akalikata kwa mstari mmoja.

Kwa anayejifunza, nitalisema kwa ufupi. Pima kivumishi chako kwa "hungry"; kama haikubaliki kwa njaa, haikubaliki kwa wivu. Mtu au kitu kikifuata, "of". Sentensi nzima ikifuata, "because" au "that". Nomino ni "jealousy". Usiichanganye na kivumishi. Usizionee aibu lugha zako nyingine. Kiswahili kitakuonyesha kosa lako limetoka wapi, na kama ulipita shule ya Kifaransa una mlango wa ziada, kama yule kijana wa Kongo.

Kwa anayefundisha, nina ombi. Mitihani yetu hupenda kumpa mtoto neno "jealous" ndani ya mabano na kumtaka aligeuze liwe nomino au kielezi. Zoezi hilo lina faida, lifanyeni. Lakini msimwache mtoto wa Koboko au wa Arua amalize sekondari akiwa ameandika mara zote kwamba anaonewa wivu, na asiwe ameandika hata mara moja kwamba yeye anaona wivu, anamwonea nani, na kwa nini. Mpeni kipindi, mpeni karatasi isiyo na jina akihitaji, na msimcheke. Mkiisahihisha, sahihisheni "of" na "am" kwa wino mnaoutumia siku zote. Sababu aliyoiandika baada ya "because" isomeni kwanza kama watu wazima, kabla ya kuisoma kama wasahihishaji, maana mara nyingi iko ndani ya uwezo wa mtu mzima kuifanyia kitu.